Ndio Mama, Nakusikiliza

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumanne nilikwenda shuleni kwa mwanangu kuzungumza na mwalimu mkuu juu ya ada iliyobaki. Ndani ya daladala nilipanga maneno yangu yote: biashara ya mitumba imelala tangu mvua zianze, nusu ya pesa ninayo mkononi, naomba mwezi mmoja. Nikayarudia mpaka konda akaniuliza kama nashuka. Ofisini nilikaribishwa vizuri tu. Mwalimu akafunga daftari lake, akasema, "Ndio mama, nakusikiliza." Nikasema, "Mwalimu, nimekuja kwa sababu..." Basi. Sababu ikapotea. Moyo ulidunda mpaka masikioni, viganja vikalowa, na kichwani hamkubaki kitu ila sauti inayoniambia, huyu anakuona mjinga. Nikaishia kusema nimekuja kumsalimia mtoto. Nilipofika kituoni maneno yote yakarudi, moja baada ya jingine.

Jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo. Alhamisi usiku nikafungua kitabu cha Nehemia, yule mnyweshaji wa mfalme aliyetaka kwenda kuujenga Yerusalemu upya. Mfalme Artashasta anamuuliza mbona uso wake una huzuni, naye anaandika kwa mkono wake, "Ndipo nikaogopa sana." Huyu alikuwa ameomba tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, karibu miezi 4. Alijua hasa anachotaka: barua za kwenda kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua ya kwenda kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apate miti ya malango. Alijiandaa kuliko mimi na daladala yangu, na bado hofu ikamkuta pale pale mbele ya mfalme.

Sasa tazameni sura ya 2, mstari wa 4. Mfalme anamuuliza ana haja gani. "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Kisha ndipo akamjibu mfalme. Maombi yale yalichukua muda gani? Pumzi moja? Mbili? Mfalme anangoja, malkia ameketi karibu naye, na Nehemia amenyamaza. Hakuukimbia ukimya ule. Mimi nilipokwama niliuogopa ukimya kuliko nilivyoliogopa deni, nikauziba kwa uongo. Hata Petro kule mlimani, Yesu alipogeuka sura, alianza kutaja vibanda vitatu, na Marko anasema hakujua la kunena, kwa sababu waliogopa sana. Ndivyo hofu inavyotufanyia: nusu ya akili inasema, nusu inasimama pembeni kuangalia unavyosema, na ile nusu inayosema peke yake haina nguvu ya kubeba hoja.

Mpendwa unayekwama, nyamaza na Mungu wako papo hapo. Vuta pumzi, umwite kimoyomoyo, ndiyo maombi hayo, yanatosha. Mwambie aliye mbele yako, "Samahani, nilichotaka kusema kimenitoka, nipe dakika." Hajafa mtu kwa kungojwa dakika moja. Andika kwenye karatasi, uishike. Yule aliyemwambia Musa "nitakuwa pamoja na kinywa chako" ndiye aliyempa na Haruni nduguye amsemee, kwa hiyo ukienda na ndugu akakaa pembeni yako, imani yako haijapungua. Na kama hofu imekuzidi hata usingizi umepotea, nenda kwa daktari pia, bila aibu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba alikuwapo kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Paulo! Na watu wakaokoka.

Ila kuna neno linaloniuma kuliko la shuleni. Yule mama wa Samweli, jina lake Hana, alikuwa akiomba apate mtoto, midomo inatikisika, sauti haisikiki, na Eli kuhani akamdhania amelewa. Hakuuliza kwanza. Nasi jumuiyani tunafanya yale yale. Mtu akisita, tunammalizia sentensi. Akikwama, tunacheka. Akikwama tena, tunanong'ona kwamba ana roho ya woga, tunataka kumwekea mikono kabla hajamaliza alichosimama kukisema. Lile neno la Timotheo la kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, Paulo alimwandikia mwanawe mpendwa, huku akiyakumbuka machozi ya mwana huyo. Tumeligeuza fimbo. Tuache, jamani. Tuache kabisa.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya. Mwaka jana binti mmoja alisimama kutoa shukrani. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa kuwa..." akanyamaza, anaikunja ncha ya kanga yake, anaikunjua. Niliyeanzisha pambio ni mimi. Watu wakapiga makofi, akakaa. Nilidhani namsaidia. Tangu siku ile hajasimama tena, na hatujui mpaka leo alitaka kushukuru nini. Jumanne, kwenye kile kiti cha ofisini, nilimkumbuka.

Jana nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Nilimkuta anafua. Akaniambia, "Kumbe na wewe unaikumbuka siku ile, mama?" Akalia kidogo, nami nikalia. Nikamwambia, siku utakayotaka kusema, nitangoja, sitaimba. Kisha nikamweleza habari ya mwalimu mkuu, yote, hata ule uongo.

Jumatatu narudi shuleni. Nimeandika mambo matatu nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa, na binti yule amesema atanisindikiza. Mtuombee saa mbili asubuhi.