Silinda ya kwanza iko nyuma

Jumamosi, jioni

Pikapu ya Baba imewaka leo. Nimekaa ndani yake karibu nusu saa injini ikinguruma, mikono ikinuka petroli, na sikutaka kuizima.

Ni Peugeot 504 ya zamani, ya pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na kaburetta (inayochanganya hewa na petroli), aliyobebea viazi kutoka Kinangop hadi soko la Marikiti, Nairobi, tangu nikiwa shule ya msingi. Mwaka 1975 dereva Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na Baba alitukumbusha ushindi huo kila tulipokwama kwenye matope. Halafu tulishuka tukasukuma.

Tangu tumzike mwaka jana, gari lilibaki limeegeshwa nyuma ya nyumba hapa Kayole. Mama alikuwa akilifuta vumbi kila Jumapili, akimaliza anafunga mlango polepole. Nikaamua lazima liwake. Nilinunua betri, plagi nne, pointi, kondensa, na seti ya nyaya za plagi kule Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunakuita Grogan. Nikafunga vyote kwa mikono yangu. Nilipopiga stata, injini ilizunguka vizuri, mara kaburetta ikatema moto: paa! Nikajaribu tena. Paa! Haikushika hata kidogo.

Wiki tatu zimeisha hivyo. Cheche nilizitazama, ni za buluu na kali. Petroli inafika. Nafasi ya pointi nimeipima kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia, ni 0.4 mm. Jirani akasema koili, inayokuza umeme wa cheche, imekufa, nikanunua koili. Nikalegeza distribyuta, inayogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, nikaizungusha kidogo huku, kidogo kule, nikipiga stata kila mara hadi betri ikachoka. Usiku nililala nikiwaza vipuri. Mama hakuniuliza kitu, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma zaidi.

Jana nilikwenda Kariobangi Light Industries kumtafuta fundi mzee aliyekuwa akimtengenezea Baba. Leo asubuhi akaja. Hakushika spana. Aliniambia nipige stata mara moja, akasikiliza ule mlipuko, akasema, "Moto unakuja valvu ikiwa wazi. Hiyo ni taimingi, kijana wangu, na haijakosea kidogo. Imekosea nusu nzima."

Akanieleza huku akitoa plagi. Pistoni hupanda mara mbili: mara moja kukandamiza hewa na petroli, mara nyingine kusukuma moshi nje. Cheche inatakiwa mwishoni mwa ule mpando wa kukandamiza. Distribyuta nayo huzunguka mara moja wakati kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili, kwa hiyo ikipishana nusu mzunguko, cheche inakuja moshi ukimalizika kutoka, valvu ya kuingiza hewa ikianza kufunguka. Moto unakimbilia kwenye kaburetta. Kule kuzungusha kwangu kidogo huku na kule kusingeweza kamwe kufika nusu mzunguko.

Plagi za 504 zimekaa ndani sana, kidole hakifiki. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akakibana kwenye tundu la silinda iliyo karibu na kebini, ile ya nyuma kabisa, akanipa ncha yake niizibe kwa dole gumba. Gia tukaweka ya nne. Vijana wawili wa hapa wakasukuma gari polepole. Mara ya kwanza hakuna kitu. Wakaendelea, na ghafla hewa ikalisukuma dole langu hadi likaachia. "Simama!" Akafungua kifuniko cha distribyuta, akaniambia nitazame rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, inaelekea wapi, kisha niufuate waya wa upande ule hadi mwisho wake.

Niliufuata kwa kidole. Ulikwenda kwenye silinda ya mbele, karibu na rejeta.

"Umehesabu kama Toyota," akasema. "Peugeot hii inahesabiwa kutoka nyuma, upande wa klachi."

Ndiyo, nilihesabu kutoka mbele. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, na ubaya wake ni kwamba ukiusoma kutoka upande wowote unabaki uleule, kwa hiyo kila nilipokagua niliona uko sawa. Kila nilichonunua kilikuwa kizima. Tukazibadilisha nyaya nafasi: moja na nne, mbili na tatu. Kisha akafunga balbu ndogo kati ya koili na bodi, akazungusha distribyuta kwa vidole viwili hadi balbu ikawaka palepale pointi zilipoachana, akakaza bolti.

Stata ikazunguka labda mara mbili. Ikashika.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akarudi ndani. Baadaye kidogo akamletea fundi chai na mkate, akamwambia, "Mzee, Mungu akubariki."

Jioni nilikwenda kwenye gunia la takataka nikazitoa nyaya za zamani. Chini ya grisi, kila waya ulikuwa na nukta nyeupe: mmoja una nukta moja, mwingine mbili, hadi nne. Ni ile rangi ya geti letu. Wakati nazitoa niliziona nikadhani ni matone tu.

Kopo la rangi bado liko stoo. Nimelifungua kwa bisibisi, nikachovya kijiti, nikaanza na waya wa nyuma kabisa.