Piyoni chotara, na kwanini Dar haiwezekani

Kila nikiposti maua yangu ya piyoni ikifika Juni watu wa nyumbani wananijia inbox, dada nitumie mbegu nipande Dar, mwingine yuko Tanga. Jamani haiwezekani, piyoni inataka baridi la ukweli, wiki na wiki karibu na kuganda, ndo mwaka unaofuata itoe maua. Huku Minnesota, Marekani, ardhi inakuwa ngumu kama zege miezi kibao na yenyewe iko chini imelala tu haina habari.

Sasa mi ninazozipenda ni chotara za Itoh. Iko hivi, kuna piyoni ambayo shina lote linakufa winta, na kuna ya mti yenye matawi magumu yanayobaki. Wataalamu walihangaika kuzichanganya ikagoma, mpaka Mjapani mmoja Toichi Itoh akafanikiwa mwaka 1948, na si kirahisi, alichavusha mara zaidi ya elfu akaambulia miche michache. Na kinachoniuma hadi leo, akafariki 1956 hajaona hata ua moja, Mmarekani Louis Smirnow ndo akaja kununua baadhi kwa mjane wake akaziingiza sokoni miaka ya 70.

Mi ninayo Itoh moja inaitwa Bartzella, aliizalisha Roger Anderson wa hapo jirani Wisconsin, njano imekolea, ua kubwa halafu linanukia kwa mbali kama limao. Zamani shina moja lilifika mamia ya dola! Siku hizi imeshuka ila bado utalipa kuzidi ya kawaida, na mi nasema lipa tu, kwa sababu zile za kawaida mvua moja ya nguvu zote ziko chini, unaanza kuhangaika na vijiti na kamba, hii imesimama yenyewe, na maua yanafunguka kwa zamu sio yote siku moja halafu kwisha.

Kupanda ni Septemba, sehemu inayopata jua kwa masaa sita au zaidi kwa siku, maji yasituame maana mzizi utaoza. Yale macho ya kwenye mzizi, yani vichipukizi vyake, yafukie sentimita 3 mpaka 5 basi, ukizidisha utaambulia majani matupu bila ua. Mwaka wa kwanza usitegemee ua, na usiihamishe hamishe. Kingine, ikifika Oktoba watu wanakata mpaka chini, kwa Itoh usifanye hivyo, bakisha visiki vya sentimita 10 hivi kwa sababu macho mengine yanachipua hapo hapo.

Sisimizi utawaona wengi kwenye vitumba, usipige dawa. Wanafuata utamu tu, hawali ua, na sio kweli kwamba wao ndo wanalifungua. Ila ukikata ya kuweka ndani kung'uta kwanza huko huko nje, la sivyo watakuhamia mezani wote na wageni wako wamekaa.