Bega haliinuki, na jua lipo tele

Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Ndiyo maana mtu akiambiwa vitamini D yake iko chini huona anafanyiwa mzaha. Lakini mionzi ya jua inayoitengeneza lazima iguse ngozi yenyewe. Haipiti kioo cha dirisha, na buibui jeusi huizuia karibu yote. Mitaa yetu ni myembamba, kuta ndefu, kivuli kutwa: waweza kwenda sokoni na kurudi jua lisikuguse. Tena ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe.

Sasa bega: je, upungufu huo ndio unaolizuia kuinuka? Upungufu mkubwa wa muda mrefu hulainisha mifupa na kudhoofisha misuli ya mapaja, nyonga na mabega, na kwa kawaida huwa pande zote mbili. Mtu hainuki mkekani bila kujishika, ngazi za darini humshinda, na akianika nguo mikono yote miwili huwa mizito. Bega moja linalouma, hasa usiku ukililalia, mara nyingi lina jambo lake.

Lipime hivi. Kiwiko kibane ubavuni, ukikunje, kisha peleka kiganja nje kama unayefungua mlango. Ukikwama, mwenzako ausukume mkono polepole. Na yeye akikwama pale pale, huenda mfuko unaozunguka kiungo umekaza. Ndilo bega lililoganda. Akiupeleka vizuri ilhali wewe mwenyewe huwezi, shuku kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) imeumia, hasa kwa mvuta makasia au mbeba mawe. Bega lililoganda huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine. Pesa ikitosha kipimo kimoja tu, sisi tungepima sukari kwanza.

Je, utafiti haujaona vitamini D ikiwa chini kwa wenye maumivu ya bega? Umeona, ingawa majibu hayalingani. Na anayeumwa hutoka nje kidogo, kwa hivyo huenda maumivu ndiyo yaliyoishusha.

Ukipimwa, kipimo kinachofaa ni cha 25-hidroksi vitamini D, na usome kipimio (ng/ml au nmol/L) kabla ya namba. 20 ng/ml ni sawa na 50 nmol/L. Jibu la 45 ni zuri kwa ng/ml, lakini kwa nmol/L ni upungufu. Hapa watu huteleza sana.

Daktari akithibitisha upungufu kwa mtu mzima, dozi iliyozoeleka ni yuniti 50,000 mara moja kwa wiki, kwa wiki 8, kisha dozi ndogo ya kila siku. Kosa la hatari ni kumeza kidonge cha wiki kila siku: kalisi (kalsiamu) hupanda kwenye damu, ukapata kiu, kichefuchefu, choo kigumu, hata mawe ya figo. Bila daktari usipite yuniti 4,000 kwa siku. Kidonge kimeze pamoja na chakula chenye mafuta (wali wa nazi unatosha kabisa), na upime tena baada ya miezi 3.

Jua nalo halina gharama. Panda darini penye sitara baina ya saa 4 asubuhi na saa 9 mchana, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mikono na miguu wazi, dakika 15 hadi 30. Jodari na kiini cha yai husaidia, ila peke yake havitoshi.

Lakini vitamini haifungui mfuko uliokaza. Inama, shika meza kwa mkono mzima, mbovu uuache uning'inie na uubembeze dakika moja au mbili, mara 3 kwa siku, baada ya kuukanda kwa maji ya moto. Asije mtu kuuvuta kwa nguvu, huzidisha uvimbe. Mwenye homa, aliyeanguka, au anayebanwa kifua na kutoka jasho pamoja na maumivu hayo, asihangaike na mazoezi. Aende hospitali saa hiyo hiyo.