Vijana, shamba na spana vinalipa
Jamani wikiendi hii nilikuwa Mang'ola kule Karatu kwenye vitunguu, nimemuona dogo mmoja fundi wa pampu za maji simu haitulii, maana kitunguu kikishatoka kitaluni kinataka maji wiki hadi wiki, pampu ikizima mkulima anachanganyikiwa. Dogo kachomoa plagi ya injini imejaa masizi, kaisugua, kairudisha, kavuta kamba, ikawaka palepale! Kasoma ufundi magari VETA, chuo cha ufundi stadi, na hela ya spana ndo kakodia robo heka yake mwenyewe ya vitunguu. Wazazi wenzangu tuache kusema VETA ni ya waliofeli, sio kweli kabisa na inawaumiza watoto. Na wewe mdogo wangu uliyemaliza form four upo tu home, kaulizie fomu VETA iliyo karibu, nauli nikichangia sioni shida.