Nilivyozitazama picha za Siena jijini London

Machi 2025 National Gallery ya London ilifungua maonyesho ya wachoraji wa Siena, mji wa Italia, wa miaka ya 1300 hadi 1350, nami nilikuwa na safari ya kumtembelea dada yangu anayeishi huko. Kilichonivuta hasa ni Duccio, mmoja wa wachoraji hao. Picha yake kubwa ya altareni, Maestà, ilibebwa kwa maandamano hadi kanisa kuu la Siena Juni 1311, maduka yote yakiwa yamefungwa. Mwaka 1771 ilikatwa kwa msumeno, na vipande vingine vikaishia mbali kabisa. Vinane vya ukanda wake wa chini, upande wa nyuma, vilikutanishwa kwenye maonyesho haya, vikiwa vimetoka Siena, Madrid, New York, Washington, Fort Worth na London penyewe. Maonyesho yakiisha, kila kimoja kingerudi kwake. Kwa hiyo sikutaka kupita tu na kusema nimeona.

Maandalizi yangu makubwa yalikuwa kusoma. Jioni nilifungua Biblia ya Kiswahili nikasoma kujaribiwa kwa Yesu, harusi ya Kana, mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa, Lazaro. Picha hizi zilichorewa watu waliozijua hadithi hizo toka utotoni, na anayeingia bila hadithi anabaki kuhesabu majoho. Tiketi tulikata mtandaoni tukachagua saa ya asubuhi, kabla umati haujawa mkubwa. Nikajiwekea pia kwamba sitasoma kila kibandiko ukutani. Nguvu za macho na miguu huisha upesi, afadhali uzitumie kwenye picha chache.

Vile vipande vinane ni vidogo, havifiki nusu mita, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Kwenye kile cha kipofu, mtu yuleyule amechorwa mara mbili. Kushoto Yesu anamgusa jicho. Kulia ameshanawa, fimbo ameiacha, kichwa amekiinua. Ukikiona peke yake utadhani anatazama mbingu tu. Lakini kando yake sasa kuna kipande cha Yesu kugeuka sura mlimani, nguo zake zikimeta dhahabu, na macho ya yule mtu yameelekea hukohuko! Mtu aliyetoka kupata kuona, cha kwanza anachokiona ni utukufu. Nilisimama pale koo limenikaba.

Mtoto wa dada yangu, ambaye hajafika darasa la tano, yeye alinasa kwa Lazaro. "Mama mdogo, mbona huyu kaziba pua?" Nikamwambia Lazaro ameshakaa kaburini siku nne, na Martha alionya kwamba ananuka. Alirudi kumtazama yule mwenye kuziba pua, kisha akaanza kuwakagua wengine mmojammoja, nani anashangaa na nani anaogopa. Tangu hapo yeye ndiye aliyetuongoza.

Dhahabu ina namna yake ya kutazamwa. Ilifuliwa ikawa nyembamba sana, ikabandikwa juu ya udongo mwekundu, ikasuguliwa hadi ikang'aa, kisha ikagongwa kwa vyuma vidogo kutia nakshi kwenye miduara ya vichwani mwa watakatifu. Ukisimama wima mbele yake inaonekana kama bati la manjano. Niliinama kidogo, nikasogea kushoto, nikarudi kulia, na nakshi zikaanza kuwaka na kuzima. Kanisani mwanga ulikuwa wa mishumaa, wenye kuchezacheza. Nadhani mwili wa mtazamaji hauna budi kufanya kazi hiyo sasa. Sogea karibu na nyuso pia: pale rangi ya waridi ilipochakaa, unaona rangi ya kijani iliyotangulia kupakwa chini yake. Hawakukosea, ndivyo walivyojenga ngozi.

Picha ndogo ya Simone Martini, mchoraji mwingine wa Siena, ya mwaka 1342 nayo ilinishika. Yesu mwenye miaka kumi na miwili amepatikana hekaluni, amefunga mikono kifuani, wazazi wamefadhaika. Mzazi yeyote anaijua sura ile.

Michoro mikubwa ya ukutani ya Siena huwezi kuitarajia kwenye maonyesho ya namna hii. Rangi zake zilipakwa kwenye lipu mbichi, zikakauka pamoja nayo zikawa sehemu ya ukuta. Ile ya Ambrogio Lorenzetti kuhusu utawala mwema na mbaya, ya 1338 na 1339, iko ndani ya Palazzo Pubblico, jengo la serikali ya mji huo, na kuiona ni lazima ufunge safari ya Italia. Lakini aliyeko Uingereza asikate tamaa. Vipande vitatu vya Maestà ni mali ya National Gallery, kikiwemo cha kipofu na cha Yesu kugeuka sura, na ile picha ya Simone ni ya Walker Art Gallery, Liverpool. Kuingia kwenye majumba yote mawili ni bure.