Siku moja maishani mwangu: napanga maji ya mji mdogo, na kazi inaanza saa 8 usiku

Saa 8 usiku. Watu wakisikia napanga maboresho ya maji wanajua nakaa ofisini na ramani, kumbe saa hizi nimechuchumaa kwenye chemba ya mita na tochi, fundi yuko pembeni ameshika ufunguo wa valvu. Tunapima usiku kwa sababu mji umelala, hakuna anayefua wala kuoga, mita ilitakiwa iende polepole sana. Inazunguka kama mchana. Tukaanza kufunga matawi ya bomba moja moja, la kwanza mita haijastuka, la pili vilevile, kufunga la tatu, lile la bondeni, ikapunguza mwendo ghafla mpaka fundi akaniangalia tu bila kusema kitu. Yaani maji yanamwagika huko. Na msidharau jamani, pakivuja lita 1 tu kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku, na hayo ni maji yameshasafishwa na kusukumwa kwa umeme.

Saa 11 alfajiri. Tumetembea na fimbo ya kusikilizia, unaweka ncha kwenye valvu, sikio juu, unatafuta ule mlio wa sssss. Umetupeleka hadi pale bomba linapopita chini ya mtaro. Mtaro una maji mwaka mzima, kila mtu anajua ni maji ya mtaro tu. Nimechota kidogo kwenye kichupa nikatia kidonge cha kupimia klorini, ile dawa tunayosafishia maji ya bomba, yakageuka pinki. Maji ya mtaro hayana klorini, haya ni yetu.

Saa 1 asubuhi. Mlimani, kwenye koki ya mwisho ya mtandao wa mabomba, muda ambao kila nyumba imefungua maji. Geji ya presha inasoma bar 0.3, ni ndogo sana. Mama mwenye nyumba akaniambia injinia, sisi tunaamka usiku kukinga, watoto wameshazoea. Iliniuma. Na si shida ya ndoo tu, bomba likikaa tupu uchafu wa ardhini unaingia kupitia nyufa, ndo moja ya sababu siku maji yakirudi yanakuja na rangi.

Saa 4. Mafundi walikata kipande cha bomba la chuma la mlimani, nimekishika mkononi. Kwa nje ni milimita 100 safi kabisa, ndani kutu imeota mavimbe mavimbe, tundu lililobaki ni kama nusu. Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanadhani upana ukibaki nusu maji nayo yanabaki nusu. Hapana, kwa msukumo uleule yanapita kama sehemu moja ya sita tu.

Saa 6 mchana, laptopu. Nimeingiza vipimo kwenye EPANET, ni programu ya bure ya kuigiza mtandao wa mabomba, nikajaribu kuongeza pampu kubwa kama wengi wanavyotaka. Presha ikapanda bondeni kwenye nyufa, mlimani ikasogea kidogo sana.

Saa 8 mchana, kikao. Hoja iliyokuwa mezani ni kisima kipya na pampu yake, na naelewa, kisima kinaonekana, bomba lililofukiwa halionekani. Sikuanza na grafu, niliweka kile kipande cha bomba mezani wakapokezana wakichungulia ndani. Nikasema tukiongeza maji leo tunaongezea mtaro. Tuzibe kwanza, tubadilishe bomba la mlimani, tufunge mita kila kanda ili tujue maji yanapotelea wapi, halafu tupime upya ndo tujue kisima tunakihitaji cha ukubwa gani. Tumebishana zaidi ya saa moja, mwishowe wamekubali bomba la mlimani liingie kwenye bajeti kwanza.

Saa 12 jioni. Mafundi wamechimba pale mtaroni tangu mchana, ufa ulikuwa mrefu kama kiganja changu, wamefunga klampu na kukaza nati. Nimepanda tena mlimani kwa yule mama. Bar 0.7. Alifurahi sana ila nikamwambia mama subiri kwanza, nitarudi kesho saa 1 asubuhi watu wote wakiwa wamefungua, hapo ndo tutajua.