Siku ya Kuchuna Juti, Faridpur

Agosti 2018, Idi Kubwa ilipokwisha, rafiki niliyekuwa nasoma naye Dhaka alinichukua kwao, kijiji kimoja cha Faridpur, Bangladesh. Tulivuka mto Padma kwa pantoni ya Paturia. Daraja la Padma, ambalo liko kwingine mtoni, lilikuja kufunguliwa 2022. Ng'ambo, kando zote za barabara zilikuwa zimeanikwa nyuzi za njano za juti, mmea unaotengenezewa magunia, kwenye mianzi, kama mkonge unavyoanikwa kwetu Korogwe.

Kesho yake mama mwenye nyumba alitupitisha shambani. Juti ilikuwa bado imesimama kwenye kipande kimoja, mashina membamba yamebanana, yamenipita kwa mbali. Nikachuma jani, nikalisugua kwa vidole. Utelezi! Mlenda huo, ukoo ule ule wa mboga aliyotulisha bibi yangu Mzigua, ila huku wanauacha urefuke mpaka mita tatu. Nikamwambia mama kwamba sisi tunaupika kwa karanga. Akacheka, akasema na wao huchuma majani machanga wakayakaanga kwa kitunguu saumu na pilipili.

Kazi yenyewe ilikuwa mtaroni. Juti hukatwa ikifikisha kama miezi minne, ikafungwa miganda, ikazamishwa majini na kukandamizwa kwa vigogo vya migomba na tope. Huozea humo wiki mbili, tatu. Sitaipamba ile harufu: ni ya uozo hasa, na inaganda nguoni. Wanaume walisimama kwenye maji meusi wakipitisha miganda, wanawake wameketi ukingoni wanachuna. Mkonge una mashine yake, korona. Huku ni vidole. Mama aliniweka ubavuni mwake akanionyesha: ponda kidogo upande wa shinani, legeza nyuzi kwa kidole gumba, zikusanye kiganjani, vuta taratibu. Kijiti cheupe kikachomoka kizima. Yeye alichuna huku anapiga soga, macho yako kwingine, ngozi ya vidole imejikunja kwa maji na weusi umeingia ndani ya kucha.

Wanawake aliokuwa nao walikuwa majirani wasio na shamba. Nikamuuliza rafiki yangu wanalipwa kiasi gani. Akasema hawalipwi fedha, wanachukua vijiti. Vikikauka ndiyo kuni zao, na vingine huzungushia uzio. Niliumia, na mpaka leo naona hesabu ile si ya haki: kutwa nzima kwenye maji yaliyooza, halafu nyuzi zenye bei ziende kwa mwingine. Mama alinijibu kwa upole kwamba bila vijiti wangehangaika na kuni mwaka mzima. Nilimwelewa, lakini sikukubali.

Nao wenye shamba hawakuwa na raha. Maji ya mtaro yalikuwa haba mwaka ule, na juti ikiozea kwenye maji machache, yaliyotuama, nyuzi hutoka nyeusinyeusi. Siku ya soko baba alipakia mzigo kwenye guta, tukaufuata kwa miguu. Dalali alichomoa shungi moja katikati, akalinyoosha juani, akataja bei. Baba akasema wiki iliyopita watu walipata zaidi. Dalali akamwambia aurudishe nyumbani, angojee.

Angengojea vipi? Miche ya aman, mpunga wa msimu wa mvua, ilikuwa tayari kupandikizwa, na mbolea alikuwa ameikopa. Akauza wote, akahesabu noti mara mbili, akaenda moja kwa moja kwa mwenye duka la mbolea.